Msongo au Dhiki? Uhakiki wa Kiswahili cha Vinasi vya Protini kwa Kumzingatia Msomaji wa Gitega na Muyinga

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili cha kitaaluma kinavyoweza kulitaja kundi la protini linalopitisha taarifa ndani ya seli pale seli inapopatwa na joto kali, mionzi, chumvi nyingi au sumu. Hoja inayojengwa ni kwamba tafsiri inayomjia mfasiri kwanza, yenye neno msongo na kauli ya kutendwa, inapotosha mambo mawili: aina ya adha inayoipata seli, na mtenda halisi wa tendo. Msomaji anayezingatiwa ni wa Gitega na Muyinga nchini Burundi, ambaye husomeshwa sayansi kwa Kifaransa na hukipata Kiswahili kwa njia nyingine. Inaonyeshwa kuwa istilahi iliyoundwa bila kumfikiria msomaji huyo inaweza kumkosesha ufahamu hata mahali ambapo afya yake inahusika.

Jina na kilichomo ndani yake

Kinasi ni kimeng'enya kinachochukua kundi la fosfati kutoka katika ATP na kulipachika kwenye molekuli nyingine. Kinasi cha protini hulipachika kwenye protini, hususan katika asidi amino za serini, threonini na tirosini. Kundi hilo ni dogo, lakini lina chaji hasi. Likishakaa mahali pake, protini inaweza kubadili umbo, kubadili mwenzi wa kushikamana naye, au kuhama kutoka sehemu moja ya seli kwenda nyingine. Vipo pia vimeng'enya vya upande wa pili, fosfatasi, vinavyoliondoa. Edmond Fischer na Edwin Krebs walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992 kwa ugunduzi wao kuhusu upachikaji huu unaogeuzika, na leo inajulikana kwamba binadamu ana jeni zaidi ya 500 za vinasi vya protini.

Ndani ya ukoo huo mkubwa, makala haya yanashughulikia tawi moja. Mwaka 1990 John Kyriakis na Joseph Avruch walikitenga kinasi kimoja katika ini la panya waliopewa sikloheksimidi, dawa inayozuia uundaji wa protini. Mwaka 1993 ilielezwa kwamba hamira iliyotiwa katika maji yenye chumvi nyingi huokolewa na kinasi kiitwacho Hog1. Kisha mwaka 1994 ukafuata mfululizo wa ripoti kutoka maabara mbalimbali, na makundi mawili yakathibitika katika wanyama: JNK, ambacho hupachika fosfati kwenye protini c-Jun, na p38. Yote mawili huamka seli inapopigwa na mionzi ya urujuanimno, joto, mabadiliko ya ghafla ya ukolezi wa chumvi, au saitokini za mfumo wa kinga. Ndipo lilipokuja jina la jumla ambalo kwa Kiingereza na Kifaransa lina maneno machache tu, na ambalo Kiswahili kinatakiwa kulipokea.

Ni vyema kuzingatia tarehe hizo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoka mwaka 1990, yaani miaka minne kabla ya majina haya kuzaliwa. Haiwezi kulaumiwa kwa kutoyabeba. Linaloweza kuhojiwa ni utaratibu uliorithiwa kutoka kazi za aina hiyo: kuanza na orodha ya maneno ya Kiingereza, kisha kulitafutia kila neno jozi yake. Utaratibu huo ulilipatia kiini, utando na kimeng'enya nafasi imara, na hakuna sababu ya kuubeza. Lakini jina la JNK na p38 si neno moja. Ni sentensi iliyofupishwa, na anayetafsiri vipande vyake kimoja kimoja huipoteza sentensi.

Msongo wa nani?

Kipande cha kwanza ni kile ambacho Kiingereza na Kifaransa hukiita kwa neno lilelile, stress. Neno hili lina historia ya kuhamahama. Lilikuwa la wahandisi, likitaja nguvu inayokaza chuma au nguzo. Hans Selye, mtafiti wa Montréal, ambaye mwaka 1936 alichapisha katika jarida la Nature barua fupi juu ya dalili zilezile zinazoletwa na adha za aina nyingi, baadaye alilichukua na kulipeleka katika fiziolojia. Kutoka hapo lilikwenda katika saikolojia, na kutoka saikolojia likaingia katika mazungumzo ya kila siku. Wanabiolojia wa seli walipolitumia miaka ya 1990, walikuwa wanalirudisha karibu na maana ya Selye: adha yoyote inayoitoa seli katika hali yake ya kawaida.

Kiswahili hakikupitia safari hiyo. Kililipokea neno mwishoni, likiwa tayari limeshavaa nguo za saikolojia, na kikalipa jina msongo wa mawazo. Kwa matumizi hayo jina ni zuri. Yeyote aliyewahi kusongwa na madeni analielewa. Tatizo linaanza mfasiri anapokata kipande cha "mawazo" na kubaki na msongo mtupu, akidhani amepata istilahi ya jumla. Kile kipande kilichokatwa kinaendelea kusikika. Msomaji anayekutana na "msongo wa seli" hukijazia mwenyewe, naye hubaki akijiuliza seli imewaza nini.

Mkazo hautoi msaada mkubwa zaidi. Fizikia imekwisha kulichukua, na kwa hadhira ya volyumu kama hii mkazo ni jambo la silabi ya pili kutoka mwisho. Shinikizo limeshikwa na damu na hewa. Mfadhaiko ni wa moyo wa mtu. Linabaki neno ambalo wataalamu wa istilahi hulipita kwa sababu ni la kawaida mno: dhiki. Katika Kiswahili, dhiki ni hali ya kubanwa na jambo la nje, iwe njaa, ukame, ukosefu au maradhi. Haihitaji kuwa na akili ili mtu au kitu kiwe katika dhiki. Mgomba uliokosa maji uko katika dhiki. Seli iliyopigwa na jua kali iko katika dhiki. Neno hili pia huzaa: kudhikika, kudhikisha, kidhikishi. Litapingwa kwa hoja kwamba linanukia umaskini. Hilo ni kweli, na bado umaskini uko karibu na hali ya hamira iliyonyang'anywa maji kuliko ulivyo wasiwasi wa mtahiniwa.

Ubishi huu una uzito nje ya ukumbi wa mkutano. Kwa muda mrefu kampuni za dawa zimejaribu vizuizi vya p38 dhidi ya baridi yabisi na magonjwa mengine. Majaribio mengi yalikwama kwa sababu ya madhara, hasa kwenye ini, na kwa sababu nafuu iliyoonekana mwanzoni haikudumu. Tuseme jaribio la namna hiyo limefika katika hospitali ya mkoani, na fomu ya ridhaa imetafsiriwa kwa Kiswahili: mgonjwa atapewa "dawa ya kuzuia kimeng'enya cha msongo". Mgonjwa wa Muyinga, au wa Kigoma, atasoma kwamba anapewa dawa ya kutuliza mawazo. Ataweka sahihi. Ridhaa hiyo itakuwa ya jambo jingine kabisa, wala hakuna mtu atakayekuwa amemdanganya kwa kusudi. Kwa "dawa ya kuzuia kimeng'enya kinachofanya kazi seli zinapokuwa katika dhiki" angalau angeuliza: dhiki gani? Swali hilo ndilo ambalo fomu ya ridhaa inapaswa kulizaa.

Nani amekiamsha?

Kosa la pili ni la kisarufi, na halijajadiliwa vya kutosha katika mijadala ya istilahi, ambayo hupenda nomino na kuzisahau sentensi. Kiingereza huunganisha dhiki na kitenzi kwa kistari. Kifaransa hutumia par. Mfasiri wa Kiswahili huandika "kinachoamshwa na msongo". Hapo na ya kauli ya kutendwa imefanya kazi yake ya kawaida: imemtaja mtenda. Msomaji ameambiwa kwamba joto lenyewe, au chumvi yenyewe, limekishika kinasi na kukiamsha.

Sivyo inavyotokea. Vinasi hivi hukaa katika ngazi ya tatu ya mfuatano. Juu kabisa kuna vinasi vinavyohisi, moja kwa moja au kupitia protini nyingine, kwamba hali imeharibika. Hivyo hupachika fosfati kwenye vinasi vya ngazi ya kati: MKK4 na MKK7 kwa upande wa JNK, MKK3 na MKK6 kwa upande wa p38. Vya ngazi ya kati ndivyo vinavyokiamilisha cha mwisho, na masharti yao ni makali: fosfati mbili zinahitajika, moja kwenye threonini na moja kwenye tirosini, asidi amino mbili zilizotenganishwa na moja tu katikati yake. Katika JNK iliyo katikati ni prolini, katika p38 ni glisini. Mtenda, kwa hiyo, ni kinasi kingine. Dhiki ni mazingira na chanzo.

Kiswahili kina vifaa vya kuyasema haya bila kuongeza urefu. Kipo kiunganishi kwa kando ya na. Ipo kauli ya kutendeka kando ya kutendwa. Tofauti ya "kimevunjwa na" na "kimevunjika kwa" inajulikana kwa mtoto yeyote aliyewahi kujitetea mbele ya mama yake kuhusu kikombe. "Kinasi kinachoamilika wakati wa dhiki" ni sahihi zaidi kisayansi kuliko jina la Kiingereza chenyewe. Ni nadra tafsiri kuizidi matini asilia kwa usahihi. Inapotokea, haifai kuitupa nafasi hiyo kwa ajili ya utiifu kwa kistari cha watu wengine.

Kuhusu kitenzi, amilisha ni bora kuliko amsha, kwa kuwa amilifu limekwisha kukaa katika kemia. Washa linavutia, kwa kuwa kila mtu huwasha taa na simu, lakini kauli yake ya kutendwa huzaa kinasi kinachowashwa, na msomaji atakitafutia dawa ya ngozi.

Kinasi, kinazi, vinasi

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya kuendelezwa kwa mawasiliano mapana. Kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 2000, Kiswahili na Kiingereza viliingizwa katika shule za msingi kando ya Kirundi na Kifaransa. Hata hivyo sayansi katika madarasa ya juu imebaki mikononi mwa Kifaransa. Mwanafunzi wa Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, hukutana na kinasi kwa mara ya kwanza kupitia kinywa cha mwalimu anayetamka Kifaransa, ambako s iliyo kati ya irabu husikika kama z. Atakachokipeleka katika Kiswahili chake ni kinazi. Na kinazi, kwa sikio la pwani, ni nazi ndogo.

Mzaha huu una mzizi wa jambo zito. Kamusi za istilahi za sayansi zilizopo hufunguliwa kwa ufunguo wa Kiingereza. Anayetoka upande wa Kifaransa hana mlango. Kamusi kubwa zaidi iliyowahi kuziunganisha lugha hizi mbili ni ile ya Padri Charles Sacleux, iliyotoka Paris mwaka 1939. Ni hazina kwa anayetafiti lahaja za pwani, ila haina la kumwambia mtu kuhusu fosfati kwenye tirosini. Ikiwa Kiswahili kitakuwa lugha ya sayansi ya Jumuiya nzima, kidahizo kinachoanza na Kiingereza peke yake kinamwacha nje Mrundi, na pamoja naye Mkongo wa mashariki.

Katika mofolojia, kwa upande mwingine, Burundi inaleta msaada usiotarajiwa. Kuna wanaoliweka neno kinasi katika ngeli ya tisa na ya kumi, "kinasi hii, kinasi hizi", kwa hoja kwamba ki yake ni ya mzizi na si kiambishi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kitabu lisingekuwepo. Ki ya kitabu ni ya mzizi wa Kiarabu, na Waswahili hawakuomba ruhusa kabla ya kusema vitabu. Kirundi kikalipokea neno hilohilo likawa igitabo, wingi ibitabo. Kiplefti cha barabarani nacho kina viplefti vyake. Msemaji wa Kirundi, ambaye ana ngeli ya iki- na ibi- tangu utotoni, ataipokea jozi ya kinasi na vinasi bila kufundishwa. Tena upatanisho wake utalingana na ule wa kimeng'enya na vimeng'enya, jambo linalorahisisha sentensi ndefu. Tahajia ibaki na s, na mwalimu wa Gitega aambiwe sababu yake.

Muyinga ni habari tofauti na Gitega, na sera inayoyachanganya maeneo haya mawili kwa jina la "Burundi" inapoteza kitu. Gitega ilipata Kiswahili chake cha kwanza pamoja na kituo cha kijeshi cha Wajerumani cha mwaka 1912, askari wake na wafanyabiashara waliowafuata. Muyinga, iliyo kaskazini-mashariki, imekipata mara kadhaa kwa njia mbalimbali. Kipo cha wafanyabiashara na jamii za Kiislamu za mjini. Kipo cha mpaka wa Kobero, ambako malori huvuka kwenda na kutoka Kabanga na Ngara. Kipo cha waliorejea kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, ambao baadhi yao walikulia huko. Na kipo cha wakimbizi wa Kongo walio katika kambi ya Kinama, Gasorwe, chenye maneno mengi ya Kifaransa ndani yake. Istilahi inayosomeka kwa makundi yote hayo imepita mtihani mgumu kuliko kura ya kamati yoyote, na ingekuwa busara kuyatumia mazingira ya Muyinga kama maabara ya istilahi badala ya kuyahesabu kuwa pembezoni.

Uvimbe, na mgomba usio na mawazo

Hata mfasiri akishapatanisha dhiki, kwa na vinasi, atakutana na uvimbe. p38 hushiriki katika mwitiko wa kinga unaoleta wekundu, joto na maumivu. JNK imechunguzwa sana katika saratani, ambako wakati mwingine huisaidia na wakati mwingine huizuia. Kiswahili cha tiba kinatumia uvimbe kwa mambo yote mawili. Aya moja inayosema "p38 huongeza uvimbe na JNK hupunguza uvimbe" inaweza kuwa kweli, uongo, au upuuzi, kutegemea uvimbe gani umekusudiwa mahali gani. Hapa mkopo unafaa: inflamesheni kwa lile la kinga, uvimbe kwa lile la saratani. Wanaochukia mikopo watalalamika, ila mgonjwa anayetafsiriwa majibu ya kipimo hana nafasi ya kubahatisha.

Ishara, kinyume chake, inaweza kuachwa ilivyo. Wapo wanaosema kwamba ishara humhitaji mtu wa kuashiria. Lakini wingu ni ishara ya mvua, na halikumkusudia mtu.

Mfano wa kilimo unaifunga hoja ya dhiki. Mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria wa jamii ya Xanthomonas uliripotiwa nchini Burundi mwaka 2010, katika nchi ambayo mgomba ni chakula, pombe na fedha ya ada. Mimea haina JNK wala p38, ila ina vinasi vya ukoo huohuo. Katika mmea wa Arabidopsis, unaotumiwa sana maabara, MPK3 na MPK6 huamilika katika dakika chache baada ya seli kuhisi kipande cha protini ya mkia wa bakteria. Mtaalamu wa Taasisi ya Sayansi za Kilimo ya Burundi, ISABU, akitaka kueleza kwa Kiswahili utafiti wa aina hii kwa afisa ugani wa Muyinga aliyesomea ng'ambo ya mpaka, atahitaji neno linalofaa kwa mgomba. Msongo hautafaa. Na kama neno la mgomba ni dhiki na la ini la binadamu ni msongo, afisa huyo hatajua kamwe kwamba anasoma habari za ukoo mmoja wa vimeng'enya, ambao umehifadhiwa kutoka hamira hadi mtu.

Kazi iliyo mezani

Jumuiya imegawanya taasisi zake kwa jiografia. Kamisheni ya Kiswahili iko Zanzibar. Kamisheni ya Utafiti wa Afya iko Bujumbura. Kamisheni ya Sayansi na Teknolojia iko Kigali. Mgawanyo huo unaeleweka kisiasa, lakini neno kama hili haliwezi kuundwa na mojawapo peke yake: Zanzibar ina wanaisimu, Bujumbura ina wanaojua kinasi ni nini na ambao wanafanya kazi katika mazingira ya Kifaransa, Kigali ina jukumu la kuunganisha maabara. Washauri wa sera wanaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji bajeti kubwa: orodha fupi ya dhana, si ya maneno, za biolojia ya seli, kila moja ikiwa na maelezo ya utendaji wake, jina la Kifaransa na la Kiingereza, mapendekezo ya Kiswahili, na nafasi ya Kirundi. Kisha mapendekezo yasomwe na wasomaji wa Gitega na Muyinga kabla ya kusanifishwa, na wanachokielewa kiandikwe kama kilivyo, hata kama ni nazi ndogo.

Kidahizo kinachohusika hapa kingeweza kusomeka hivi: kinasi cha dhiki (wingi vinasi vya dhiki), kinasi cha protini kinachoamilika wakati seli iko katika dhiki, baada ya kupachikwa fosfati mbili na kinasi kingine, kikiamilika kwa muda mfupi mara nyingi huisaidia seli kustahimili, na kikiendelea kwa muda mrefu kinaweza kuielekeza seli kwenye kifo chake cha mpango, mifano ni JNK na p38. Majina JNK, p38, Hog1 na MPK6 yaandikwe kama yalivyo katika lugha zote, na yasomwe kwa majina ya herufi za Kiswahili.